Kisa cha Chilmark: pale wanaosikia walipojifunza

Aprili mwaka 1714, hakimu mmoja wa Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani ya leo, aitwaye Samuel Sewall alivuka bahari kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard. Katika shajara yake aliandika jambo dogo lililomkuta huko. Miongoni mwa watu waliokuwapo alikuwamo Mwingereza mmoja ambaye hakumsemesha hata neno. Sewall na wenzake nusura waone wamedharauliwa. Kumbe yule bwana, Jonathan Lambert, alikuwa kiziwi.

Tukio lenyewe ni la mstari mmoja au miwili, lakini nimelirudia mara nyingi. Mgeni kafika mahali, kakutana na mtu asiyefuata adabu anayoijua yeye, na moyo wake ukakimbilia tafsiri mbaya kwanza: huyu ana kiburi. Na Sewall hakuwa mtu wa hivi hivi katika mambo haya. Mwaka 1692 alikuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem, ambako watu 19 walinyongwa na mwingine akauawa kwa kulundikiwa mawe. Mwaka 1697 alisimama kanisani, ungamo lake likasomwa mbele ya waumini wote, akakubali kubeba lawama na aibu ya hukumu zile. Alijua kuliko wengi jinsi jamii inavyoweza kumgeuza jirani kuwa kitisho. Hata hivyo, ukimya wa mtu mmoja ulitosha kumtia kinyongo, walau kwa dakika chache.

Ninaotaka kuwazungumzia hapa si wageni kama Sewall. Ni wenyeji, hasa wa mji wa Chilmark upande wa magharibi wa kisiwa, ambao kwa zaidi ya miaka 200 waliishi na viziwi wengi kuliko kawaida na hawakuona kwamba jambo hilo linahitaji maelezo.

Lambert, fundi seremala na mkulima, alihamia kisiwani mwaka 1694. Ndiye kiziwi wa kwanza anayejulikana katika kumbukumbu za huko. Walowezi wa Chilmark walitoka bara, mji wa Scituate, na wengi wao asili yao ilikuwa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Inaaminika kwamba uziwi huo walikuja nao kutoka huko, ndani ya damu, bila wenyewe kujua. Ulikuwa uziwi wa kurithi, tena wa aina inayojificha: mtu aweza kubeba jeni yake maisha yake yote, akasikia vizuri, akazeeka na kufa asijue. Mtoto huzaliwa kiziwi pale tu baba na mama wote wawili wanapompa jeni hiyo. Katika mji mdogo wa kisiwani, ambako watu walioana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, ikawa jeni imezagaa kila mahali.

Katika karne ya 19, Marekani kwa jumla ilikadiriwa kuwa na mtu mmoja aliyezaliwa kiziwi katika kila watu 5,728. Kisiwani humo alikuwa mmoja katika kila 155. Chilmark peke yake, mmoja katika kila 25.

Mmoja katika kila 25 maana yake ni kwamba hakuna aliyekuwa mbali na jambo hili. Kama si mwanao, ni shangazi yako. Kama si shangazi, ni jirani mnayepakana naye, au mwenzako wa mashua. Na kwa kuwa jeni ilijificha, wazazi wanaosikia walipata watoto viziwi, na viziwi wakazaa watoto wanaosikia. Hakukuwa na ukoo wa kunyooshewa kidole ukaambiwa kwamba balaa linatoka kwenu. Nadhani hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Jamii ikitaka kumtenga mtu hutafuta kwanza mpaka wa kuchora kati ya sisi na wao, na Chilmark mpaka huo haukuwa na mahali pa kupita bila kukata nyumba ya mchoraji mwenyewe.

Basi watu wakawa na lugha ya alama, wote, wanaosikia na wasiosikia. Watoto waliiokota kama wanavyookota maneno, kwa kuona wakubwa wakiitumia. Hakuna aliyefundishwa darasani. Mwanaanthropolojia Nora Groce alipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwahoji wazee waliokumbuka enzi hizo, alikusanya habari ambazo ukizisoma unaona mji ukitembea mbele yako. Wavuvi walizungumza kwa mikono kutoka mashua hadi mashua, masafa ambayo sauti ingepotelea kwenye upepo. Watoto shuleni walisengenya kwa vidole nyuma ya mgongo wa mwalimu. Kanisani mtu aliketi pale kiziwi anapoweza kumwona, akamfikishia mahubiri kwa mikono.

Halafu kuna dukani. Duka la mji lilikuwa pia posta, na jioni watu walikusanyika kungoja barua na kupiga soga. Mzee mmoja alimweleza Groce kwamba ikiwa viziwi waliokuwapo ni wengi kuliko wanaosikia, basi wote waliokuwamo walitumia alama. Kwa adabu tu, alisema.

Nimesimama hapo kwa muda. Kwa adabu tu! Hakukuwa na sera, hakukuwa na siku maalumu, hakukuwa na mtu aliyepongezwa kwa moyo wake mwema. Ilikuwa adabu ya kawaida kama ile ya kubadili lugha mgeni anapoketi nanyi ili asibaki gizani. Na hata pale viziwi hawakuwapo kabisa, wenye kusikia waliendelea kutumia alama wanapotaka: kumalizia mzaha usiofaa kwa masikio ya watoto, au kuzungumza jambo wasilotaka mgeni wa bara alisikie.

Linganisha na hali ambayo wengi wetu tumeiona. Jamaa wamekaa mezani, mmoja kati yao ni kiziwi. Mtu anatoa hadithi, watu wanacheka, mmoja anafuta machozi kwa kucheka. Yule kiziwi anageuka huku na huku, anatazama midomo, midomo inakwenda upesi mno na inazungumza yote kwa pamoja. Anamgusa aliye karibu naye begani: mnacheka nini? Naye anajibiwa kwa mkono mmoja ulioinuliwa kidogo: baadaye, nitakuambia baadaye. Baadaye ikifika, hadithi ya nusu saa inakuwa sentensi moja. Au haifiki kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kuinua mkono huo, na sikujua nafanya nini mpaka nilipoona uso wa niliyemwinulia. Hakuna aliyemchukia pale mezani. Wote walimpenda. Na wote kwa pamoja walimwacha nje.

Ndiyo maana napata shida na watu wanaodhani kwamba tatizo la jamii na walio tofauti ni tatizo la chuki. Chuki ipo, na inaua. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya aliye tofauti haiharibiwi na anayemchukia. Inaharibiwa na anayempenda ambaye hana muda wa kujifunza.

Turudi Chilmark. Ushahidi kwamba hali yao haikuwa hadithi tamu ya wazee tu uko kwenye takwimu za ndoa alizokusanya Groce. Karibu asilimia 80 ya viziwi wa kisiwa walioa au kuolewa, sawa na majirani zao wanaosikia, wakati kwa Marekani nzima viziwi waliofunga ndoa walikuwa asilimia 45 hivi. Tena kwingineko kiziwi aliyepata mwenzi kwa kawaida alimpata kiziwi mwenzake. Kisiwani wengi walioana na wanaosikia. Walilima, walivua, walimiliki ardhi, walipiga kura, walishika nafasi za uongozi katika mji. Kuna walioajiri, na kuna waliokuwa maskini. Walikuwa na bahati mbaya na nzuri kwa kadiri ile ile ya wengine.

Na kuna jambo moja ambalo msomaji asiliruke. Shule ya kwanza ya kudumu ya viziwi nchini Marekani ilifunguliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1817, na jimbo la Massachusetts likagharimia watoto wake viziwi kwenda kusoma huko. Watoto wa Chilmark wakapelekwa. Wakarudi wakiwa wamesoma kuliko ndugu zao wanaosikia, ambao waliacha shule mapema kwenda shambani au baharini. Ikawa mtu mwenye masikio mazuri anabeba hati yake na kuvuka kwenda kwa jirani yake kiziwi kuomba amsomee na kumfafanulia. Mahali pengi pa dunia wakati huo, kiziwi aliwekwa fungu moja na asiye na akili.

Groce alimwuliza mzee mmoja kuhusu wanaume wawili aliowafahamu zamani. Mzee akawakumbuka vizuri: wavuvi hodari, wavuvi hodari sana. Groce akauliza, si wote wawili walikuwa viziwi? Mzee akafikiri. Ndiyo, akasema, sasa unapotaja, nadhani walikuwa viziwi wote wawili. Alikuwa amesahau. Mwingine, alipoulizwa kuhusu wale waliolemazwa na uziwi, alipinga swali lenyewe: wale hawakuwa walemavu, walikuwa viziwi tu.

Hapa lugha yetu wenyewe inanigusa. Kiziwi, kipofu, kilema: Kiswahili kimewaweka watu hawa katika umbo la majina ya vitu, kiti na kikombe, ingawa upatanisho wa sentensi huwarudishia utu wao, kiziwi yule amekuja. Pamoja na hilo, viziwi wengi wamelichagua neno hilo na kulibeba hadharani, hata katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania. Wanachokikataa ni kuitwa bubu, kwa kuwa bubu humfanya mtu aonekane kama asiye na lugha, na lugha wanayo. Kwa hiyo neno lenyewe halikuwa kikwazo. Chilmark nako waliitwa viziwi bila kupambwa. Hakuna aliyehitaji neno laini, kwa sababu neno halikubeba hukumu yoyote.

Sasa, tujihadhari na kuwafanya watu wa Chilmark kuwa malaika. Kisiwa kile kilikuwa cha Wawampanoag kabla Waingereza hawajafika. Maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwapunguza mno, ardhi yao ikamegwa vipande kwa vipande, na waliobaki wengi wakaishi Gay Head, jirani kabisa na Chilmark. Mlowezi aliyejifunza alama ili azungumze na jirani yake kiziwi hakuona sababu ya kumtazama Mwampanoag kwa jicho lile lile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kisiwa kile kilikuwa na moyo mpana. Kilikuwa na mazoea fulani, juu ya tofauti fulani, miongoni mwa watu waliojihesabu kuwa ni ndugu. Mtu aweza kuwa mwungwana kwa tofauti moja na mkatili kwa nyingine, siku moja, njia moja.

Hili halinivunji moyo. Linanionyesha mahali pa kutazama. Kama wema haukuwa tabia yao ya jumla, basi kilichofanya kazi kilikuwa kitu kingine, na nadhani kilikuwa hiki: mzigo wa kujifunza ulibebwa na wengi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo jamii nyingi zinavyouona mzigo wa kiziwi: mwepesi, mradi ni yeye anayeubeba. Ajifunze kusoma midomo. Ajifunze kutamka sauti asizozisikia. Avumilie. Chilmark mtu mmoja hakuachiwa kazi ya kuwafikia ishirini na wanne. Wale ishirini na wanne walijifunza lugha moja, utotoni, karibu bila gharama, na mmoja akawa ameshafika.

Kwingineko watu walikuwa wanaelekea upande mwingine kabisa. Septemba mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu. Kwa kura 160 dhidi ya 4 waliazimia kwamba matamshi ni bora kuliko alama katika kuwafundisha viziwi. Azimio hilo lilienea shule kwa shule. Walimu viziwi wakapoteza kazi, kwa kuwa mwalimu asiyesikia atafundishaje kutamka? Watoto wakapigwa mikono au kulazimishwa kuikalia. Saa ambazo zingekuwa za hesabu na historia zikawa za mtoto kusimama mbele ya kioo, kiganja kwenye koo la mwalimu, akihisi mtetemo wa sauti moja na kujaribu kuutoa kooni mwake, tena na tena, mpaka mwalimu atikise kichwa kukubali. Wapo waliofaulu, hasa waliopoteza usikivu baada ya kujua kusema. Wengi walitoka shuleni hawana lugha ya mdomo inayoeleweka na wamenyimwa ile ya mikono.

Haikuwa kazi ya watu wabaya. Alexander Graham Bell, mgunduzi wa simu, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi, na mke wake alikuwa kiziwi tangu utotoni. Aliwapenda. Naye mwaka 1883 alisimama mbele ya wanasayansi wa Marekani akaonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe, itazuka jamii ya binadamu viziwi, akashauri waondolewe vitu vinavyowakutanisha: shule za bweni, lugha ya alama, walimu viziwi. Alifika Martha's Vineyard katika miaka hiyo ya 1880 kuchunguza uziwi wa kisiwa, akakusanya nasaba za koo, akashindwa kuelewa kwa nini mzazi kiziwi hapati mtoto kiziwi kila mara. Ufunguo ulikuwa kwenye kazi ya Gregor Mendel juu ya kanuni za urithi, iliyochapishwa mwaka 1866 na kusahaulika mpaka mwaka 1900.

Kinachoniuma ni kwamba Bell alifika pale pale. Alikuwa kwenye mji ambao swali alilolibeba lilikuwa limekwisha kujibiwa barabarani, mbele ya macho yake, na watu wanaoendelea na shughuli zao. Lakini alikuja kutafuta uziwi unatoka wapi. Hakuja kuuliza mbona hapa hauwaumizi.

Kilichoumaliza uziwi wa kisiwa si sera ya mtu. Ni ile ile shule ya Hartford. Vijana wa Chilmark walipokwenda huko walikutana na viziwi wa majimbo mengine, wakapendana, wakaoana, na wengine hawakurudi. Wenzi hao wa bara walikuwa na uziwi wenye chanzo kingine, kwa hiyo watoto wao wakasikia. Wageni wa mapumziko nao walianza kumiminika kisiwani, watu wakachanganyika, jeni ikatawanyika. Alama za kisiwa zilichangia katika lugha ya alama iliyokua Hartford na baadaye kuenea Marekani nzima, na huko kisiwani zikaanza kukosa watu wa kuzungumza nao. Kiziwi wa mwisho wa ukoo huo wa kale alifariki mwaka 1952.

Yaliyofuata mahali pengine yalikwenda polepole mno. Mwaka 1960 mwanaisimu William Stokoe alionyesha kwa uchambuzi wa kitaalamu kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye kanuni zake, si kupunga mikono ovyo. Mwaka 2010, katika kongamano lililofanyika Vancouver, Kanada, mkutano ule ule wa kimataifa uliopitisha azimio la Milan ulilikataa rasmi na kueleza majuto. Miaka 130. Hesabu vizazi vya watoto waliokalia mikono yao katika muda huo.

Mara kwa mara nasikia hoja kwamba Chilmark haiwezi kurudiwa: watu walikuwa wachache, viziwi walikuwa wengi, maisha yalikuwa ya jembe na nyavu. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mji mkubwa hautakuwa na kiziwi mmoja katika kila 25. Lakini familia ya watu wanne yenye mtoto kiziwi inaye mmoja katika kila wanne. Darasa la wanafunzi 40 lenye mmoja halijaachwa mbali sana na Chilmark. Ofisi ya watu kumi, mmoja wao akiwa kiziwi, imeipita. Ukipunguza duara mpaka lifike pale mtu anapoishi kweli, idadi si kisingizio tena, na kinachobaki ni nani anatarajiwa kujifunza.

Daktari wa mishipa ya fahamu Oliver Sacks alikwenda kisiwani katika miaka ya 1980, miongo mitatu baada ya kiziwi wa mwisho kufa. Mbele ya duka la zamani aliwakuta wazee wachache wakipiga soga. Ghafla, katikati ya mazungumzo, waliacha sauti wakaingia kwenye alama, mikono ikaenda kwa dakika moja hivi, wakacheka, wakarudi kwenye sauti. Wote walikuwa wanasikia. Alikutana pia na mama mmoja wa miaka zaidi ya 90, anayesikia vizuri, ambaye mara nyingine alikaa kimya huku mikono yake ikienda mapajani kama anayefuma. Binti yake akamweleza kwamba mama hafumi, anawaza. Na usiku, alisema binti, akiwa amelala, vidole vyake huchora vipande vya alama juu ya blanketi.